Picha Iliyomeza Ng'ombe wa Baba Mkwe

Niliwahi kupiga picha zizi lililojaa ng'ombe, wakatoweka wote.

Ng'ombe wenyewe walikuwepo. Nilikanyaga mavi yao nikitoka.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya Mdachi, hapa Ugogo, ng'ambo ya Zuzu. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, naamini kwa moyo wote kwamba elimu itamaliza shida za watu. Nikawa msaidizi wa Mzungu mmoja mpiga picha. Alipoitwa jeshini, aliniachia kamera ya miguu mitatu na kioo kimoja cha kupigia.

Kioo kimoja, picha moja.

Nilimpenda Yudith, na sikuwa na hata ndama wa mahari. Nikamwendea baba yake, Mzee Chiwanga.

"Mbukwenyi, baba."

"Mbukwenyi. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina, baba. Nina kamera."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

"Basi nipige picha na ng'ombe wangu. Aonekane kila mmoja mpaka pembe. Ikitoka vizuri, tutazungumza. Ikitoka vibaya, Yudith umsahau."

"Nije mchana, baba?"

"Mchana wako malishoni. Utapiga picha kinyesi? Njoo alfajiri, Yotham."

Sasa nielewe. Jua la mchana huku ni kali: unaminya tundu la kamera, unafungua na kufunga upesi. Alfajiri mwanga ni hafifu, unalipanua. Lakini tundu likiwa pana, wa mbele anatoka safi na wa nyuma anakuwa ukungu.

Na mzee alitaka pembe zote.

Nikaliminya. Kufidia giza, nikaacha kamera wazi muda wa mtu kumaliza bakuli la uji wa moto.

"Usitikisike, baba."

"Nitikisike, mimi kuku?"

Hakutikisika. Nzi alitua puani, akachoka, akaondoka.

Ng'ombe walizunguka, wakajikuna, wakasukumana. Nikajipa moyo: anayeondoka atarudi.

Nilipoichapa picha, nikaishiwa pozi. Mzee peke yake juu ya kigoda, ukuta wa tembe nyuma yake. Ng'ombe wamekuwa moshi. Kamera ikikaa wazi muda mrefu, haimshiki asiyetulia.

Ningeweza kukimbilia Kibakwe. Nikaona mzee anastahili ukweli.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Walitembea, baba."

"Umenifanya fukara humu!"

Kwa Mgogo hakuna tusi zito kuliko hilo. Akainua fimbo.

Kabla haijatua, akaingia Akida Khamisi, mtu wa serikali ya Mdachi, na askari wake. Walikuwa wanakusanya ng'ombe wa kulisha jeshi, na walikopita palibaki vilio. Ng'ombe wa mzee walikuwa malishoni, nyuma ya mlima.

Akida akaiona picha.

"Nini hii?"

Mzee akashusha fimbo polepole. "Zizi langu, bwana. Alfajiri, wakati ng'ombe wa wenzangu wako nyumbani."

"Na mavi haya?"

"Ndiyo yaliyobaki, bwana."

Akida akanigeukia. "We kijana wa misheni, nyie hamsemi uongo. Umeichezea hii?"

Yudith alikuwa mlangoni, ameshika mdomo.

"Sijaichezea, bwana. Kamera ndivyo ilivyoona."

Ilikuwa kweli tupu. Wakaondoka.

Mzee akaketi, akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Tuzungumze mahari."

"Sina ng'ombe, baba."

"Na ukileta nitamweka wapi? Serikali inajua sina kitu. Hata ndama mmoja ataniponza. Mchukue mkeo. Mahari utalipa Mdachi akihama."

Nikadhani nimesamehewa.

Mwaka uliofuata Mdachi akahama. Mzee alifika mlangoni kwetu kabla ya Waingereza.

Ninalipa mpaka leo, na silalamiki. Nilichojifunza ni hiki: kazi ikikuharibikia, ipeleke kwa mwenyewe. Ningeikimbia aibu ile, zizi lingebaki tupu kweli.

Na mwanga ukiwa hafifu, panua tundu.