Mwalimu Nyamizi Hakutaka Maswali

Mwalimu Nyamizi alikuwa na akili nyingi na kisirani kingi, na wanafunzi wake katika chuo kimoja cha ufundi pale Bariadi walikiogopa kisirani kabla hawajafaidi akili. Alizaliwa Binza, Maswa, mtoto wa mwenye duka. Alisomea kompyuta Mwanza, mwanamke peke yake kati ya wanaume thelathini na wawili, nao walimcheka miaka mitatu mfululizo. Aliporudi Simiyu na cheti chake alikuwa ameshaapa kwamba hakuna atakayemcheka tena. Ikawa hivyo. Hakuna aliyemcheka, wala aliyethubutu kumuuliza kitu.

Wiki hiyo alikuwa anamwandama mtu mmoja tu: Limbu, fundi wa chuo, mzee mpole wa Nkololo aliyebakiza miaka miwili astaafu. Muhula ulipoanza, Limbu ndiye aliyebadilisha betri ndogo zilizokufa ndani ya kompyuta kumi na mbili za darasani. Sasa kompyuta hizo, zote za mfumo wa Linux, zilikuwa zinakataa kupokea kompaila, ile programu inayogeuza msimbo alioandika mwanafunzi uwe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa. Siku hiyo ni Jumatano.

Nyamizi alishabadilisha waya wa mtandao. Alishajaribu seva nyingine, akafuta mashine moja na kuipanga upya kuanzia mwanzo, akawasonya wanafunzi ambao hawakuhusika. Kila akiandika amri, yanatoka maandishi yale yale, naye anasoma mstari wa mwisho tu: masasisho hayatafanyika. Akaamua kuna mtu kazifunga.

Jumatatu Limbu alimjia darasani, kofia mkononi, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, niruhusu nitazame kidogo. Labda kuna kitu nilikiacha vibaya."

"Utazame nini? Hizi si baiskeli, mzee. Nenda kachunge ng'ombe."

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Mtu wa umri wa baba yake, akaambiwa akachunge! Limbu alivaa kofia yake akatoka.

Haikutosha. Nyamizi alikwenda kwa mkuu wa chuo, Mwalimu Januarius, akamwambia: Limbu akibaki, mimi naondoka. Mkuu naye alimwogopa. Akaandaa barua ya kumwachisha mzee kazi, akasema ataisaini Jumatano saa nne asubuhi. "Ila nitajie kosa lake," akasema. "Siwezi kumfukuza mtu kwa kisirani chako."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi Nyamizi aliketi kutafuta kosa la Limbu. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alisoma yale maandishi yote, tangu juu. Mashine ilikuwa inasema kwamba orodha ya programu iliyoletwa na mtandao bado haijaanza kuwa halali. Itakuwa halali baada ya saa mbili na dakika hamsini. Orodha ya kesho? Akatazama saa kwenye kona ya skrini. Tatu na dakika arobaini, za usiku wa manane, kwa hesabu ya kompyuta. Nje jua lilikuwa limeshashika bati.

Akazunguka mashine zote. Zote zilikuwa nyuma kwa saa sita kamili.

"Nani aliweka hizi saa?" akafoka. "Ni Limbu?"

Kwandu, binti wa mbele, akasimama polepole. "Hapana, madam. Tuliweka sisi, siku betri zilipobadilishwa na saa zikapotea. Mtandao haukuwepo. Ulitazama saa yako ukatuambia, saa mbili na nusu, andikeni. Tukaandika mbili na nusu."

"Mashine huandikwa nane na nusu! Hamkujua?"

"Wengine tulijua, madam. Ulisema hutaki maswali."

Kuuliza si ujinga, lakini kwa Nyamizi kuuliza kulikuwa kosa la jinai. Hata mimi ningeandika mbili na nusu nikakaa kimya.

Alirekebisha saa ya mashine ya kwanza, akarudia amri. Orodha ikapita. Kompaila ikaanza kushuka bila kinyongo, kama vile haijawahi kugoma. Akaenda ya pili, ya tatu. Alipofika ya mwisho, mkuu alikuwa mlangoni na barua.

"Naona zimekubali," Januarius akasema. "Haya, tatizo lilikuwa nini?"

Nyamizi alijua kabisa jibu la haki. Lilikuwa jibu fupi. Lakini wanafunzi walikuwa wanamtazama wote, na kwa macho yake ilikuwa Mwanza tena, na vicheko vyake.

"Saa zilikuwa zimewekwa vibaya," akasema. "Tangu siku ile ya betri."

"Aa, huyu mzee!" Mkuu akatikisa kichwa, akaiweka barua juu ya meza ya Kwandu, akasaini hapo hapo. Kwandu alimwangalia mwalimu wake. Nyamizi akageukia ukuta akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Limbu alipewa barua yake kabla ya saa tano. Akapita darasani kuchukua bisibisi aliyoisahau, akamkuta Nyamizi peke yake, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Nasikia zimekubali. Namshukuru Mungu, watoto watafanya mtihani." Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. "Nambie tu nijue, maana sitalala. Nilikosea wapi?"

Nyamizi hakuinua macho kutoka kwenye skrini.

"Halikuhusu tena hilo, mzee," akasema. "Funga mlango ukitoka."