Madawati ya Ruzuku

Dada yangu alisafisha shule ile miaka mingi bila kuwa mfanyakazi wa shule. Hata baadhi ya walimu hawakulijua hilo. Mshahara wake ulitoka ofisi ya ajira, kwenye fungu la serikali la kuwasaidia watu waliokosa kazi. Ofisi iliwapeleka mahali kama mashuleni na kwenye zahanati, ikawa inawalipa yenyewe, ili mtu apate pa kuanzia. Dada alipelekwa pale kuanzia, baada ya shemeji kufariki, na aliendelea kuanzia hapo hapo mpaka mvi zikamtoka.

Wanafunzi walimwita Shangazi Viatu. Asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa na fagio lake, na mtoto akija mbio na matope, yeye alitamka neno moja tu, "Viatu." Mtoto alirudi kujifuta kwenye gunia. Kuna siku alikuja mkaguzi wa elimu na tai yake, naye akaambiwa viatu. Akajifuta.

Mimi ni fundi seremala, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mama alipoondoka duniani nilikuwa bado shule ya msingi. Dada ndiye aliyenifikisha darasa la saba, halafu akanishika mkono hadi kwa fundi mmoja na kumwambia, huyu hana maneno mengi lakini mikono anayo. Kwa hiyo tangu utoto mimi ndiye wa kutumwa na yeye ndiye wa kutuma.

Mwaka huo bajeti ilipopita, redio ilisema ruzuku za shule zimeongezwa. Dada alifurahi kweli. Alikuwa amechoka kuona watoto wanabanana kwenye dawati moja mpaka wa pembeni anaandika akiwa nusu amesimama, na wadogo wanakaa sakafuni alikopiga deki asubuhi. Alikuja kwangu kuniambia nijiandae, madawati yatatengenezwa, na yeye ataniombea kazi hiyo kwa mwalimu mkuu. Akaniombea, nikapewa.

Kisha akaja binti wa ofisi ya ajira. Alikuwa msichana mpole anayevaa miwani, na ndiye aliyekuwa akipita kuwatembelea watu waliopelekwa kazini. Alimkuta dada anasuuza tambara, akamwomba wakae. Akamweleza kwamba fungu lao limepunguzwa, na mikataba ya watu kama yeye inaishia mwisho wa mwezi. Bajeti ijayo huenda hela ikarudi. Ikirudi, wataanza na wale ambao bado wapo pale pale walipopelekwa, wanafanya chochote. Aliyekwisha kuondoka ataingia mwisho wa foleni, na foleni yenyewe dada aliijua. Aliwahi kuikalia akiwa bado kijana.

Basi jambo likawa hilo moja: dada abaki ndani ya uzio wa shule mpaka bajeti nyingine isomwe.

Tulikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Ni mtu mzima, mchovu, ambaye miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Alimsikiliza dada mpaka mwisho.

"Shangazi, hela ipo," alisema. "Tangu niwe mwalimu sijapata hela kama ya mwaka huu. Ila imekuja imeandikwa vitabu, imeandikwa madawati, imeandikwa ukarabati. Haikuandikwa mtu."

"Sasa hayo madawati yatafagiliwa na nani?"

Mwalimu mkuu akatazama kalenda ukutani kama vile jibu liko kwenye tarehe. Akasema akinunua hata sabuni kwa hela ya madawati, wakaguzi watamla mzima mzima, na akimlipa mfagiaji kwa hela hiyo ndiyo kabisa. Halafu akanigeukia mimi. Akasema kwenye ukarabati anaruhusiwa kumlipa fundi. Na fundi akiwa na msaidizi, hayo ni ya fundi mwenyewe.

Nikatazama kandambili zangu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumtuma dada.

"Msaidizi anafanya nini?" dada aliniuliza.

Nikamwambia anapiga msasa, anashika mbao nikikata, na anapaka vanishi.

"Msasa ndiyo lile karatasi la mchanga?"

"Ndiyo, dada."

"Basi tuanze. Huko ofisini kwako utaniita msaidizi, si dada. Nisije nikakuvunjia heshima mbele ya watu."

Mke wangu alipolisikia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, sasa wewe ndiye bosi wa wifi yangu, siku utakayomtuma maji ya kunywa niite nije kushuhudia. Sikumtuma maji hata siku moja. Yeye ndiye aliyeniletea, na kama sijanywa yote alinikazia macho mpaka nimalize.

Tulifanyia kazi nyuma ya stoo, chini ya mabati yaliyoegeshwa kwenye ukuta. Madawati mabovu yalirundikwa upande mmoja, yamefungamana miguu kama mbuzi waliochinjwa. Mapya nilitengeneza mimi, na mabovu tuliyabomoa na kuyasuka upya. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu kimya kimya. Nikienda mwendo wa fundi wa kawaida, rundo lile lingetufikisha kwenye bajeti.

Sikumhesabu dada. Alishika msasa kama alivyoshika tambara, kwa mabega yote mawili, hapumziki mpaka aone mbao imekuwa kama shavu la mtoto. Nikimpa dawati asubuhi, kabla ya chai limekwisha, ananiuliza lingine liko wapi. Rundo likawa linapungua hata mimi likanitisha. Ilibidi niseme, na kusema kwangu ni kazi.

"Dada, tusikimbie."

"Nani anakimbia?"

"Haya yakiisha kabla ya bajeti, utaondoka."

Kesho yake alijaribu. Alikaa juu ya kopo la rangi, mikono mapajani, mbele yake dawati lenye mgongo wenye vinyweleo. Walimu walipita wakamsalimia, akawaitikia bila kuinua macho. Alivumilia hadi kengele ya mapumziko. Watoto walipotoka kucheza akauvuta msasa.

"Siwezi kukaa nalitazama," aliniambia. "Linaniudhi."

Na si hilo tu lililomuudhi. Madarasa sasa yalifagiliwa na wanafunzi kwa zamu, na mnajua watoto wanavyofagia. Uchafu ulisukumwa nyuma ya mlango ukaachwa huko. Dada kila akifika alipita kwenye ukumbi ametazama mbele tu, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Asubuhi moja nilifika nikamkosa chini ya mabati. Nikamkuta darasa la pili, kainama, anafagia chini ya meza ya mwalimu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani.

"Shangazi, weka fagio chini, nakuomba," alisema kwa sauti ya chini. "Akija mtu akakuona nalo ataniuliza unalipwa kwa fungu gani. Utaniponza."

Dada akaliegemeza ukutani. Akatoka akiwa amekunja kiganja, na ndani ya kiganja kulikuwa na taka alizoziokota. Akazibeba hadi shimoni.

Tukabaki na madawati machache, na bajeti bado. Usiku nilikuwa namweleza mke wangu kwamba sijui nifanyeje, na yeye ananiambia nivunje mawili matatu niyatengeneze tena. Alisema kwa utani, lakini nakiri kwamba nililifikiria.

Wakati huo akaja mama mmoja shuleni na sketi ya bintiye mkononi, imechanika kuanzia pindo. Dawati lililoichana lilikuwa moja ya yale tuliyoyamaliza, linang'aa vanishi. Mimi nilianza kumweleza yule mama kwamba juu hakuna msumari, ashike mwenyewe. Dada hakunisikiliza. Alipiga magoti na kupitisha mkono chini ya ubao wa kukalia, taratibu, kisha akautoa. Kibanzi kilikuwa kimemwingia kwenye kidole hadi nusu.

"Huku chini ulipiga randa?"

Nikamwambia hakuna fundi anayepiga randa chini. Haionekani.

"Mtoto anaiona kwa paja," alisema.

Mama mwenye sketi akamwunga mkono, nikawa peke yangu. Jioni ile ile dada alikwenda kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba madawati yote lazima yapinduliwe, mapya na ya zamani, hata yale yaliyokwisha kuingia madarasani. Nilisimama nyuma yake. Mwalimu mkuu alimtazama, akanitazama, akapangusa miwani yake yenye waya. Alisema ukarabati ni ukarabati, juu au chini.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia dada kwamba amefanya akili, sasa tutafika. Akasimama njiani.

"Unadhani nachelewesha kazi?"

Akaendelea kutembea, na nilimfuata nyuma hadi tulipoachana.

Kazi ya chini ya madawati ni mbaya. Unalala ubavu au unalipindua na kuinama, na unga wa mbao unaingia puani, kwenye nyusi, hadi kwenye chai. Magoti ya dada yalianza kumsumbua. Alijifunga matambara ya zamani, na akiinuka alishika ukuta, anangoja kidogo, ndipo anatembea. Nilimwambia baki upande wa vanishi. Alisema harufu inamuumiza kichwa. Tukaenda hivyo, darasa baada ya darasa, wanafunzi wakitupisha. Walikuwa bado wanamwita Shangazi Viatu, ingawa hakuwa na mamlaka tena ya viatu vya mtu.

Na kweli tulifika. Siku ya bajeti nililetewa redio na mwalimu wa stoo, nikaiweka juu ya mbao. Waziri alisoma muda mrefu, barabara, mifugo, mambo ya kodi. Dada alikuwa anapiga msasa bila kuinua kichwa. Ilipofika elimu tukasikia ruzuku za shule zinaendelea. Kisha zikatajwa huduma za ajira, na zenyewe zimeongezwa. Msasa ukasimama. Mwalimu wa stoo akampa dada mkono wa pongezi, naye akaupokea na vumbi lake lote.

Wiki iliyofuata hakuongea na mtu kuhusu fagio, ila nilimwona amelikung'uta gunia la kufutia miguu na kulikunja, kaliweka pembeni tayari.

Binti wa ofisi ya ajira alipokuja, alisimama mbali kidogo kabla ya kusogea. Dada alimpa kopo la rangi akae. Msichana akaeleza akiangalia mapaja yake. Hela imeongezwa kweli, lakini ni ya mitambo ya kusajili watu kwa simu na mafunzo ya vijana. Hela ya kuwalipa watu waliopelekwa kazini haikurudi. Alisema amekuja mwenyewe kwa sababu hakutaka dada apate habari hizo kwa ujumbe.

"Na wewe?" dada alimuuliza. "Wamekuacha?"

"Wameniongezea kidogo, mama."

"Afadhali."

Akamletea maji ya kunywa, akamsindikiza hadi getini.

Dawati la mwisho tuliliingiza darasa la pili. Mwalimu mkuu alikuja kulipokea, akapitisha kiganja juu, kisha akainama kwa shida akapitisha chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alimwambia dada kwamba shule hii haina namna ya kumshukuru. Nilijua alikuwa anasema kweli, kwa maana ya mafungu. Dada akamjibu kwamba yeye aangalie tu watoto wasichezee patasi yangu.

Mfukoni nilikuwa na habari nyingine. Shule ya ng'ambo ya kilima, ambayo nayo imepata ruzuku, ilikuwa imeniita. Kwenda huko ni mwendo wa kutoka alfajiri, na njia yote mlima. Kumwambia dada aje ilikuwa ni kumwambia kwamba sasa yeye ni msaidizi wa fundi basi, fagio limekwisha. Kutomwambia ilikuwa vibaya zaidi. Nilimkuta jioni kizingitini kwake, amefungua kilemba anakung'uta unga wa mbao, miguu ameinyoosha mbele.

Nikakaa chini karibu naye. Nikasema juu ya mvua, nikasema juu ya bei ya mbao.

"Wameshakuita wapi?" aliniuliza.

Nikamtajia.

"Huko madawati yao yakoje?"

"Sijayaona. Wanasema mabovu yote."

Alikanda goti moja, kisha la pili. Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akamwamkia, naye akamwitikia.

"Mimi nimechoka, mdogo wangu," alisema. "Nimechoka sana."

Nikamwambia najua, dada. Nikamwambia anaweza kupumzika, nitatafuta mtu mwingine.

"Mtu mwingine atapiga juu tu." Akafunga kilemba chake upya, akakaza fundo. "Kesho tunatoka saa ngapi?"