Dawa ya Kura

Mimi Sellah nimekaanga mandazi kando ya barabara pale Kanduyi miaka mingi, na jirani yangu alikuwa Nasike, mama wa dawa za mbwa. Usicheke! Mbwa akijikuna mpaka manyoya yatoke, Nasike alimchemshia mwarobaini akamwosha. Akiwa na minyoo, alisaga mbegu za maboga na mzizi fulani aliouchimba kule Mabanga. Jina la huo mzizi hata mimi alininyima, na chai yangu alikuwa anakunywa bure! Shamba hakuwa nalo, bwana hakuwa naye. Kile kibanda ndicho kililisha watoto wake.

Sasa ulimi wake. Nasike na herufi ya "l" hawakuwahi kupatana. Kulala kwake ni kurara, na kula ni kura. Sisi wa hapa tumezoea, wengi wetu tuko hivyo hivyo.

Mwaka wa 2002, kampeni zikiwa moto, alikuja mteja mmoja, Nyaguthii, kutoka Kitale. Mbwa wake alimwita Diwani, kwa sababu alilala mwaka mzima na kuamka akisikia harufu ya nyama. Lakini sasa Diwani alikuwa amebaki nyumbani, amekonda, tumbo limefura, hata kuinuka hawezi.

Nasike akampa pakiti. "Hii ni dawa ya kura, si ya kupaka," akasema. "Diwani akipata hii, atasimama. Atashinda nje mchana kutwa."

Na hapo kwangu, akingoja mandazi, alikuwa nani? Festus Wakoli! Alikuwa amekulia Nairobi, akarudi juzi tu kutafuta kiti cha udiwani, na kila mtu alijua mpinzani wake Eliakim amemwacha mbali. Nyaguthii alipoondoka tu, Festus akamsogelea Nasike.

"Mama, hata mimi nataka hiyo ya kura."

"Ni mkubwa?"

"Mkubwa sana. Anajulikana mpaka Misikhu."

"Anapiga kerere?"

"Akianza hanyamazi."

"Anauma watu?"

Festus akacheka. "Wapinzani tu."

"Basi mpe yote asubuhi, kabra hajakura kitu. Na usimfungie ndani, tafadhari."

Mimi nilidhani amefuga mbwa, kama watu wengine.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mkutano wake. Festus akapanda juu ya lori, suti safi, akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu wa Kanduyi, mimi nita..." Akashika tumbo. "Nitawaletea..." Akaruka chini, mbio mpaka choo cha soko! Akarudi, akasema "Ndugu zangu", akaondoka tena. Watu wa Eliakim wakapiga kelele, "Kimbia, mheshimiwa, kimbia!" Ai, tulicheka mpaka tukalia.

Jumatatu hakukuwa na kicheko. Festus alifika kwa kibanda cha Nasike na vijana wawili wenye nyundo.

"Bomoa hii kitu!"

Nasike akasimama mlangoni. Nikaacha mafuta yangu motoni nikakimbilia huko, maana huruma ilinishika. Nasike akauliza, "Nimekosa nini, baba?"

"Umeniharibia! Si ulisema ni dawa ya kura?"

"Si ni ya kura! Mbwa wako arikataa kuikura?"

"Mbwa gani?" akauliza Festus.

Nasike akamwangalia kutoka kichwa mpaka viatu. Nikaona amepata maana. Watu walikuwa wameanza kujaa, na wa Eliakim wako mbele kabisa, bana, wananyoosha shingo. Nasike akapaza sauti.

"Festus, waambie hawa watu nirikuuzia dawa ya nini, na ni nani ariikunywa. Sema tu, na hizi mabati nitang'oa mimi mwenyewe."

Festus akatazama watu.

"Rudisheni nyundo kwa gari," akawaambia vijana.

Akageuka kwenda. Nasike akamfuata hatua mbili, akamshika mkono pole pole, akamsemesha kwa sauti ya chini ambayo mimi tu niliisikia, kwa vile nilikuwa nimejibanza hapo kando.

"Na minyoo je, mwanangu? Zirikufa?"

Festus akaangalia chini.

"Zilitoka, mama," akasema. "Nyingi sana. Asante."