Mpunga wa Kyela katika Bonde la Lufingo

Bonde lile lilinuka majani yaliyoozea majini, harufu nzito na ya baridi, na asubuhi za Juni ilipanda pamoja na ukungu hadi kwenye migomba iliyozunguka nyumba ya shangazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki, na mama alikuwa ameteremka Kyela kukodi shamba la mpunga, akaniacha Lufingo kwa dada wa marehemu. Baada ya kupanda alikuja kutuona mara moja tu, na punje za mpunga zilizosalia kwenye mbegu alizifunga katika pindo la khanga. Akanimiminia kiganjani nizichezee. "Mpunga ukivunwa nitakuja kukuchukua," alisema.

Sikuzichezea. Nilizipanda bondeni, kando ya magimbi ya shangazi, mahali maji yalipotuama. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba mpunga ni mpunga. Wangu ukikomaa, na wa mama utakuwa umekomaa. Kila nilipotoka shule niliteremka kuutazama. Uliota, ukainuka kidogo, kisha baridi ilipoingia ukasimama pale pale, majani yakawa ya njano. Niliubebea samadi kutoka zizini, nikaumwagia majivu, wala haukubadilika. Hata magimbi, ambayo ni wenyeji wa bonde, yalikuwa yamedumaa. Watoto wenzangu waliota moto jikoni kwa mama zao, nami nilikaa ukingoni peke yangu mpaka miguu ikafa ganzi. Shangazi hakunikataza. Jioni alinisugua nyayo kwa mafuta, akisema subira huvuta heri, nami nilimwamini. Kama mpunga wangu ulikuwa haujatoa hata suke moja, mama angekujaje?

Julai kukawa na ubatizo kwa jirani. Kifuniko cha sufuria kilipoinuliwa, wali ulinukia uwanja mzima. Nikauliza mchele ule umetoka wapi. Mama mwenye shughuli akajibu, bila kujua ananiambia nini, kwamba ni mpya kutoka Kyela, wenzetu kule wamevuna zamani. Sikula. Shangazi alinifuata bondeni, akanikuta nimesimama majini nang'oa miche.

"Nimeipa samadi," nilimwambia. "Nimeipa kila kitu."

Akaushika mkono wangu, akauzamisha kwenye matope. "Gwe mwana, sikia baridi hiyo. Chakula kimo humu, ila mizizi haiwezi kukivuta. Huku kwetu mpunga hauzai. Kyela kuna joto."

"Kwa hiyo mama amevuna?"

"Amevuna."

Tulipanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma.

Mama alikuja joto liliporudi, magimbi yalipokuwa yanatoa tena majani mapana. Alikuwa mjamzito, ameolewa upya, na alizungumza zaidi na shangazi kuliko nami. Alisema nyumba ya huko ni ndogo, nisome kwanza. Nilimchemshia maji ya kuoga, kesho yake nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi kufua sare zangu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sikuuliza tena.

Sasa naishi Ibighi, pembeni mwa mji wa Tukuyu. Shangazi tulimzika, sehemu ya bonde imepandwa miti ya milingoti, na maji yamepungua. Hata baridi ya Julai naiona si ile. Wanangu huvua sweta jua likichomoza tu. Sekondari nilifundishwa kwamba maji yakipoa sana mizizi hulegea, na mmea unaweza kufa njaa huku umezungukwa na mbolea. Niliyanakili hayo kama wenzangu. Kilichonishinda ni kingine. Utotoni niliamini Kyela iko mwisho wa dunia, kwa kuwa aliyekwenda huko alishindwa kurudi kunichukua. Nilipokuwa mtu mzima nilikwenda kumwona mama kwa mara ya kwanza. Nilipanda basi Tukuyu baada ya chai ya asubuhi. Barabara ikateremka, joto likaingia dirishani, na kabla sijachoka kukaa kondakta akatangaza kwamba tumefika. Nilibaki kwenye kiti mpaka abiria wote wakashuka.