Injini Iliyolala Wazi Siku ya Sabato

Harufu ya rangi inayopata moto juu ya chuma hunisimamisha popote nilipo. Juzi ilinikuta Eldoret, nikipita nyuma ya gereji ya watu nisiowajua, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshaingia ndani, nimeinamia injini ya mtu, nauliza maswali. Walidhani natafuta kazi. Kumbe mimi nilikuwa nimerudi kwetu Gesima, mtoto wa darasa la tatu, na gari la Tata limefunguliwa.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea majani chai. Shangazi Kemunto alikuwa aolewe Jumapili, na gari hilo ndilo lingempeleka kanisani kwa kina bwana harusi, upande wa Birongo. Kila mtu alijua kwamba pikapu ile ikipanda mlima hutokota. Ingebidi isimame, boneti ifunguliwe, na wakwe wote wachungulie. Mtu mwingine angetengeneza rejeta. Tata aliamua kuipaka injini rangi.

Ijumaa asubuhi akaja Ochieng, fundi wa Keumbu, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Aliing'oa boneti yote akaiegemeza kwenye migomba, kisha akachomoa nyaya na mipira, akalegeza nati za kile kifuniko cha juu cha injini ambacho mafundi hukiita tapet kava. Kiligoma. Akakigonga ubavuni kwa kipande cha mti, taratibu kama mtu anayebisha hodi, kikaachia kwa sauti ya kumumunya. Akabandua kwa kisu gaskiti iliyozeeka, ule ukanda wa kuzuia oili isivuje, akakiosha kifuniko kwa petroli, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Tata akaleta rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka paa.

"Mzee, hii si ni ya mabati?" Ochieng akauliza.

"Kwani mabati hayapati joto?"

Mchana mvua ikanyesha. Rangi ikakataa kukauka, mama akakubali kifuniko kining'inizwe jikoni juu ya mafiga. Tulipokuwa tukikigusa kwa ncha ya kidole kuona kama kimekauka, jua likazama, na kwetu jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia.

"Wacha tu nikirudishe, Mzee. Ni nati chache."

"Weka spana chini, Ochieng."

"Lakini mimi ni Mkatoliki. Siku yangu ni Jumapili."

"Wewe ni Mkatoliki. Injini ni Msabato."

Ochieng alicheka mpaka akakaa chini. Hata boneti hakuruhusiwa kuirudisha. Vitambaa vyote vilikuwa vimefuliwa kwa ajili ya harusi, kwa hiyo injini ikafunikwa kwa majani ya mgomba, kama tunavyofunika kila kitu kwetu. Kabla ya kuondoka alinionyesha mashimo ambamo oili hushukia. "Moraa, kitu kikiingia hapa, hata kiuzi, hakuna harusi. Dada ya baba yako atatembea kwa miguu."

Siku ya Sabato wote walienda kanisani. Magokoro, bibi yangu, alisema mguu unamuuma, nami nikaachwa nimwangalie. Alikaa mlangoni na Biblia mapajani, fimbo yake ikiegemea ukuta. Mimi nilikaa mahali ambapo ningeyaona yale majani ya mgomba juu ya gari, kule chini ya mteremko wa uani. Sikuwa nimewahi kuona injini kwa ndani, na yale majani yalinisumbua kuliko njaa.

Ndipo kuku wetu mwekundu akaruka juu ya gari, akaanza kuparura. Nilipofika kumfukuza, alikuwa ameyachana majani vipande vipande. Nikafunua kilichobaki.

Kulikuwa na springi zimejipanga mistari miwili kama wanakwaya. Kulikuwa na vidole vya chuma na mhimili mrefu wenye vinundu, na vyote vimelowa oili ya rangi ya asali. Na kando ya shimo moja, ujani mwembamba wa mgomba, nusu yake imeshazama.

"Moraa! Unafanya nini huko?"

"Naangalia tu, Magokoro. Kuangalia ni kazi?"

Akafunga Biblia. "Inategemea unaangalia nini."

Nikamweleza kuhusu ujani na maneno ya Ochieng. Nikageuka nikamkuta ameshafika kando yangu. Alitazama, akatafakari.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hatolewi?"

"Anatolewa."

"Basi mtoe. Wewe una vidole vyembamba. Usivute kwa nguvu, usije ukakatika."

Nikauvuta polepole. Ujani ulikuja wote, mrefu, umelowa oili. Nilidhani tutafunika turudi mlangoni, lakini Magokoro alikuwa bado ameinama. "Hiki kinasukuma nini?" Nikasema sijui. "Tazama, hiki kikiinuka, kile kinashuka. Ni kama vidole vya mtu anayechuma chai." Tulikisia pamoja mpaka tuliposikia nyimbo za watu wakirudi. Tukafunika kwa majani mapya.

Jumapili alfajiri Ochieng alirudisha kifuniko, akikaza nati kidogo kidogo kuanzia katikati, akilalamika kwamba sasa yeye ndiye anayetenda dhambi kwa ajili yetu. Mlimani pikapu ikatokota kama ilivyotarajiwa. Boneti ikafunguliwa, moshi wa ile rangi ya paa ukatoka, wakwe waliokuja kumlaki bibi harusi wakarudi nyuma wakidhani gari linaungua. Moshi ulipopungua, kile kifuniko kikaonekana chekundu kama nyanya, na wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi Kemunto aliolewa akinukia rangi.

Mimi shule niliiacha mapema. Nimefungua pampu za maji Ahero na friji za watu Mombasa, mara nyingi bila kuombwa, na nyumbani waliuliza tabia hii nimeitoa wapi. Nami nilijiuliza hivyo miaka mingi, mpaka siku tuliyomzika Magokoro, nilipokuwa nikiteremka ule mteremko wa uani wenye utelezi. Nikakumbuka jinsi alivyofika haraka kwenye gari siku ile, na jinsi alivyoinama muda wote bila kushika kiuno.

Fimbo yake ilikuwa imebaki mlangoni. Mguu haukuwa ukimuuma hata kidogo.