Bibi na Fisi wa Kitabu cha Pili

Nimemaliza kitabu cha nne, ambacho ndicho cha mwisho, na sina raha. Nina hasira na mwandishi. Nyuma ya jalada kuna picha yake, mama mmoja mwenye miwani, amempakata paka, anatabasamu. Ningempata ningemuuliza jambo moja tu: mama, wewe umejuaje?

Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, vinene, vimechakaa, na viko kwenye maktaba ya shule yetu ya bweni huku Ngara. Likizo ikifika unaruhusiwa kuazima kimoja. Kwa hiyo nimevisoma likizo kwa likizo, nikivibeba begani hadi nyumbani kwetu Biharamulo, kwenye kijiji kimoja upande wa Nyamigogo. Mama yangu aliolewa huko, na baba alipofariki akabaki kwenye nyumba yake na genge lake la nyanya na dagaa. Babu naye alipofariki, mama akaenda kwao Ntobeye, huku Ngara, kumchukua Bibi, mama yake mzazi, aje tukae naye. Basi nyumba ikawa ya wanawake watatu, mmoja akiwa Mhangaza wa kupindukia.

Bibi hakuiacha Ntobeye nyuma, alikuja nayo nzima. Akikupa kinywaji, hata kama ni uji wa asubuhi, anaonja kwanza mbele ya macho yako ndipo akupe. Kwao ndivyo adabu ilivyo, ujue hajakutilia kitu. Mimi niliyefundishwa habari za vijidudu nilikuwa naona aibu wageni wakija. Na hadithi hakubali zisimuliwe mchana. "Utageuka mjusi," ananiambia, "na mimi sitaki mke mwenza mwenye mkia." Mke mwenza ndiye mimi, eti marehemu babu alikuwa mume wetu sote.

Kwa hiyo tulisoma jioni, baada ya kula, tukichambua maharage. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namsimulia kwa Kihangaza, yeye anauliza maswali kama hakimu.

Kitabu cha kwanza kinachosha, nisiwe mnafiki. Ni nchi yenye visima saba, na kila kisima kina mlinzi wake. Walinzi wamekufa wote isipokuwa kikongwe mmoja, anayesikia maji yakitembea chini ya ardhi. Anakuja msichana yatima kujifunza kwake. Hapo patamu. Lakini mwandishi anapenda kulisha watu! Kurasa na kurasa wanakula mkate, supu, mkate tena. Na huyo msichana ni mzito wa kuelewa, kila jambo aambiwe mara mbili. Bibi alimtetea. "Mwache, hajalelewa na mtu," alisema. Kikongwe ndiye aliyempenda hasa. Ana mdomo, anatania watu, hamwogopi mfalme. "Huyu ni mimi," Bibi akasema, na mimi nikacheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha kikaja kitabu cha pili, na fisi.

Nilipofika ukurasa ule nilisita. Kikongwe ana fisi mkubwa, mweupe, anayempanda usiku kwenda kukagua visima vyake. Shuleni Ngara wenzangu waliokisoma hawakuona kitu. Waliona ni mnyama tu wa kwenye kitabu cha njozi, angeweza kuwa farasi. Mimi nimezaliwa kijijini kwetu. Tangu sijaanza shule nilikuwa najua kwamba anayepanda fisi ni mchawi. Na hiyo kwetu haihesabiwi hadithi. Watu wanaisema kama wanavyosema fulani ana baiskeli.

Ningeweza kuruka kurasa zile, lakini Bibi anajua ukiruka. Nikamsimulia. Lo! Alicheka hadi machozi yakamtoka. Fisi wa hadithi za Ntobeye ni yule mlafi, mpumbavu, anayemfuata mtu njiani akingoja mkono wake udondoke aule. Sasa leo kapata kazi ya usafiri! "Huyu bibi ana akili," alisema. "Nauli halipi, mafuta hanunui."

Nikamwambia, "Bibi, tafadhali, usiyaseme haya bombani."

"Thubutu! Ninyamazishwe na fisi wa karatasi?"

Na hakunyamaza. Bomba letu ni lile la kupampu kwa mkono, wanawake wanapanga madumu alfajiri. Bibi, kwa kuwa usingizi wa wazee ni mfupi, ndiye huwa wa kwanza siku zote. Asubuhi moja nikiwa naye, mama mmoja akamtania, "Bibi, kwani wewe unakuja saa ngapi?"

"Naletwa na fisi wangu," Bibi akajibu. "Nimemfunga pale migombani. Msimkanyage mkia."

Walicheka wote. Nilimwona mmoja akicheka kama wenzake, huku mkono wake ukimtafuta mwanawe nyuma ya kitenge, ukamvuta karibu. Nikamwambia Bibi njiani. Akasema mimi nasoma sana, ndiyo maana naogopa ovyo.

Tena macho ya Bibi ni mekundu. Si ugonjwa. Amepika maisha yake yote kwa kuni mbichi kwenye jiko lisilo na dirisha, kama bibi wengine wote. Lakini upande wetu macho mekundu ya mwanamke mzee yanasomwa kuwa uchawi, na wanaoyasoma hawahitaji shule.

Likizo ya kitabu cha tatu nilimkuta Bibi amefurahi. "Siku hizi wananiheshimu," aliniambia. "Nikifika bombani wananipisha. Hata kama wametangulia, wananipisha."

Nilikwenda naye nikaona. Madumu yalisogezwa kando bila neno. Hakuna aliyemtania. Alipampu, akajaza, akawashukuru, wakaitikia wakitazama chini. Tulipoondoka, mmoja alimwaga maji kwenye mpini wa pampu na kuusugua kwa majani kabla hajaushika.

Tukio hilo nilikuwa nimelisoma tayari. Katika kitabu cha tatu, kikongwe anaingia sokoni na watu wanampisha, ukurasa mzima wanampisha. Niliposoma bwenini nilidhani ni heshima. Hata yule msichana mzito alidhani ni heshima. Sasa najua mwandishi alikuwa anatutega wote, na nikaanza kumwogopa kidogo huyo mama wa paka.

Mambo yakaongezeka polepole. Watoto waliokuwa wanakuja kuomba mahindi ya kuchoma wakawa wakimwona wanakimbia kabla hawajatoa shikamoo. Ng'ombe wa jirani akaharibu mimba. Mvua ikanyesha, na nyuma ya choo chetu zikaonekana nyayo za fisi. Jamani, msitu uko pale! Fisi wanakuja siku zote wakinusa ngozi za machinjioni. Lakini watu walikuja kuzitazama, wakaondoka. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi msemo huo siupendi tena.

Mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akamsikiliza vizuri, akamwambia, "Mama, mwambie tu bibi apunguze maneno." Apunguze maneno! Wao wamepoteza hata salamu, halafu mwenye makosa ni mdomo wa mzee. Nilitaka kwenda kumjibu mwenyewe. Mama akanikamata mkono akaniambia nikae, na nilipoutazama uso wake nikakaa.

Mimi nilimwambia Bibi ukweli jioni ile, neno kwa neno, kwamba watu wanasema ni mchawi. "Kwa sababu ya fisi?" akauliza. "Lakini si niliwaambia ni utani?" Hakuwa amewaambia. Kwao Ntobeye mtu haambiwi kwamba anataniwa.

Kitabu cha nne nilikuja nacho likizo ya Desemba. Siku chache kabla sijafika, mtoto mchanga wa mama mmoja wa pale bombani alikufa kwa homa. Bibi alikwenda msibani. Walimpa mahali pa kukaa, kisha kila aliyekuwa kwenye mkeka ule akapata sababu ya kuinuka. Akakaa peke yake kwenye mkeka mzima hadi mama alipomfuata.

Nilikuwa nimebakiza kurasa chache. Nilikaa barazani mchana, Bibi yuko pembeni anapepeta. Ndani ya kitabu visima vilikuwa vimekauka, na watu walikuwa wanasema kikongwe ameyanywa maji yote. Nilisoma kwa haraka, kwa woga, nikitaka msichana afike.

Akaja kijana. Simfahamu, si wa kijijini kwetu. Amevaa shati safi na mabuti ya mvua, na jua linawaka.

"Shikamoo, bibi."

Ilikuwa shikamoo ya kwanza Bibi kuipata kwa siku nyingi, na uso wake ulichanua. "Marahaba, mwanangu! Karibu kigoda."

Hakukaa. Akaomba maji ya kunywa. Bibi akaingia mwenyewe, akayaleta kwenye kikombe cha bati, akaonja mbele yake, akampa. Kijana akakishika. Alikuwa anamtazama Bibi machoni, moja kwa moja, jinsi mtu anavyotazama mbuzi mnadani.

"Bibi, unalala peke yako?"

"Nalala na Mungu," Bibi akasema. "Na mke mwenzangu huyu shule zikifungwa."

"Chumba hiki cha mbele?"

"Cha mbele kina joto, mwanangu. Nalala cha nyuma."

Kijana akatikisa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainamisha kikombe akamwaga maji chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akakirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema asante, akaenda zake.

Bibi alitazama pale palipolowa. Hakuuliza habari za chumba wala za mabuti.

"Nimeonja," akasema. "Nimeonja mbele yake na hajanywa."

Hapo ndipo alipoelewa. Yote ya nyuma yalikuwa yamempita: madumu, watoto, maneno yangu, hata mkeka. Hilo la maji lilimwingia, kwa sababu kwao mtu akikataa maji uliyoyaonja, ameshakuhukumu. Alikaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee.

Mama alimpigia simu mjomba, kaka yake, aliyeko Ntobeye. Akaja siku iliyofuata na pikapu ya kuazima. Usiku wa katikati sitausimulia, hatukulala, basi. Tulipakia godoro, vyungu na gunia la maharage. Majirani walisimama milangoni. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyesema kwaheri. Bibi alitaka kushuka pale kwa yule mama aliyefiwa. "Sijampa pole vizuri," alisema. Mjomba akaongeza mwendo.

Mama alibaki kuchunga nyumba na genge, na hilo nalo linaninyima usingizi hadi leo.

Tulipokuwa tunapita kwenye msitu, Bibi, aliyekaa kati yangu na mjomba, akaniambia, "Haya. Maliza."

"Mchana, Bibi?"

"Maliza. Nikigeuka mjusi kuna nini?"

Nilikuwa nimemaliza asubuhi ile, nimeketi juu ya gunia. Nikamsimulia kwamba kikongwe alimpanda fisi wake akakimbilia milimani, akaishi huko na yule msichana, na maji yakarudi. Nilisimulia vizuri, niliongeza hata mkate na supu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyesema uongo ni mwandishi," akauliza, "au ni wewe?"

Nikageukia miti iliyokuwa inapita dirishani.

"Walimchoma?"

"Walimchoma, Bibi."

"Na msichana?"

"Alichelewa. Mvua ikanyesha kesho yake."

Alitikisa kichwa. "Huyo mwandishi amekaa kijijini," alisema. Tulipopita Kasulo, tumeshaingia Ngara, aliomba dirisha lifungwe.

Wenzangu wananiuliza kama kitabu cha nne ni kizuri. Ni kizuri. Ni kizuri kuliko vyote vitatu, na simshauri mtu akisome. Wao wanalia kwa ajili ya kikongwe wa visima, halafu wanafuta machozi wanakwenda kula. Siwalaumu. Kwao ni njozi.

Ntobeye nilidhani Bibi atapona. Yuko kwao, lugha ni yake, huko fisi ni mlafi tu wa hadithini. Watoto wa mjomba na wa majirani walijaa jikoni jioni ya kwanza, jua halijazama vizuri. Wanamjua kwa sifa zake.

"Bibi, tupe hadithi!"

"Sijui hadithi, wanangu," akasema. "Mimi najua maharage tu."

Walicheka, wakidhani ndiyo mwanzo wa utani. Wakangoja. Bibi aliendelea kuchambua. Mmoja mmoja wakachoka, wakatoka kucheza, akabaki binti mdogo, ameegemea goti lake, anamwangalia usoni kwa karibu kabisa, kwa upendo wote.

"Bibi, mbona macho yako mekundu?"

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo.

"Moshi," akasema. "Ni moshi tu, mwanangu."

Moto ulikuwa haujawashwa. Mtoto akageuka akatazama mafiga yaliyopoa, akamtazama Bibi tena, kisha akatoka mbio kuwafuata wenzake uani. Bibi akaniambia nifunge mlango.