Nilivyofundisha Jazi Kwenye Kikao cha Ndoa ya Watu

Chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso. Mnajua mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu hapa Tunduma, na mwaka huu nilitaka kamati ya kwaya iniruhusu nipige peke yangu kwenye Sikukuu ya Mavuno, kijazi kabisa, basi nikaomba kwanza niwasikilizishe albamu moja ya piano, jazi ile isiyo na waimbaji, wanaiita post-bop (binamu yangu wa Nakonde, upande wa Zambia, ndiye aliyenitumia, na jamani, ni tamu!), nikaandika na mwongozo kurasa nne, wapi wasikilize nini.

Tulipatana saa nane, ukumbi wa kanisa. Nyumbani kwangu ni jirani na mpaka, simu ikadaka mtandao wa Zambia ikajirudisha nyuma saa nzima kufuata saa za kwao, na mimi mkazi wa miaka yote hiyo sikushtuka. Nafika, simu inasema saa nane kasoro dakika kumi, nakuta watu saba wameshakaa kuizunguka meza. Wamewahi! Furaha ikanipanda, sikumtazama mtu usoni, nikachomeka simu kwenye spika, nikawasha albamu, nikaanza kusoma mwongozo wangu.

"Ndugu zangu, msitafute pa kuimba hapa! Sikieni piano inavyoongea bila kupumua, inaongea, inaongea, halafu... sasa! Imenyamaza! Imempisha besi naye aseme ya kwake! Utamu ndio huo, kila mtu ana zamu!"

Mama mmoja akapiga meza. "Umesikia, baba Neema? Anampisha! Wewe umenipisha lini?"

Ndipo nikainua macho. Mwanakwaya hakuna hata mmoja. Ni wazee wa kanisa na ndugu wa pande mbili wanasuluhisha ndoa, na baba Neema ananitazama kama vile mkewe amenihonga. Nikakimbilia kuzima, kwa haraka nikaongeza sauti, ngoma zikalipuka ukumbi mzima.

"Mwalimu," mzee wa kanisa akasema, "kwaya wamekusubiri mpaka wameondoka. Saa tisa hii."

"Asizime kwanza," mama Neema akadakia. "Pale kwenye besi arudie, huyu asikie vizuri."

Tangu siku hiyo nimeapa, nikiwa na miadi namuuliza mtu saa, simu siiamini. Mwenyekiti wa kwaya hakutaka maelezo. Siku ya Mavuno kinanda alipiga mwenzangu, mimi nikapewa kayamba, na iliniuma, sifichi. Ila baba Neema na mkewe walikaa benchi moja, nikaitikisa ile kayamba mpaka mkono ukafa ganzi.